Mgongo Uliopinda: Kwa Nini Hubadilika Mtoto Akisimama, Akilala na Akipewa Nusukaputi

Leo tutazungumza juu ya mgongo wa mtoto anayekaribia kubaleghe, na hasa msichana.

Umri huo tumeuchagua kwa sababu. Mtoto mdogo unamwogesha wewe. Unamvua nguo, unampaka mafuta, kila siku mgongo wake unauona. Akifika miaka kumi au kumi na mmoja anaingia bafuni peke yake na kufunga mlango. Hiyo ni adabu, wala hatusemi aiache. Lakini miaka hiyo hiyo, kuanzia kumi hadi kumi na sita, ndiyo ambapo uti wa mgongo wa watoto wengine huanza kupinda kwenda upande na kujisokota kidogo. Sare ya shule imemfunika, buibui au leso imemfunika, na mama haoni kitu. Mara nyingi wa kwanza kuona ni fundi wa cherehani anayempima gauni la Idi au la harusi, akasema, "Mbona upindo wa huyu mtoto unashuka upande mmoja?"

Mpindo huu madaktari wanauita skoliosisi. Katika kila watoto mia moja wa umri huo, wawili au watatu huwa nao. Wengi wao ni mpindo mdogo usiohitaji dawa wala kifaa, ila kuangaliwa tu. Mipindo mikubwa inawapata wasichana zaidi ya wavulana. Na kwa watoto wengi sababu haijulikani. Haukuletwa na mkoba mzito wa vitabu, wala ndoo ya maji kichwani, wala kukaa vibaya kwenye mkeka wa madrasa. Haukuletwa na jini, na si kosa la mama aliyembeba vibaya akiwa mdogo. Katika familia nyingine huwapata zaidi ya mtu mmoja, kwa hivyo ukiuona kwa dada mkubwa, watazame na wadogo zake.

Utauonaje? Mwambie avae fulana nyepesi au sidiria, asimame mbele yako kakupa mgongo, miguu pamoja, bila viatu. Tazama mabega: je, moja liko juu? Tazama kombe la bega: je, moja limetokeza? Tazama kiuno: je, upande mmoja una mkunjo na mwingine umenyooka? Halafu mwambie ashikanishe viganja, anyooshe magoti, ainame polepole mbele kama anayetaka kugusa vidole vya miguu. Wewe kaa kwenye kigoda nyuma yake, macho yako yawe sawa na mgongo wake. Upande mmoja wa mbavu ukinyanyuka kuliko mwingine, kama tuta dogo la shamba, hapo ndipo pa kwenda hospitali. Kipimo hiki cha kuinama ni cha zamani; kinaitwa kwa jina la daktari wa Kiingereza, William Adams, aliyekieleza katika karne ya kumi na tisa, na hadi leo hakijapata kingine cha bei rahisi zaidi. Hakina gharama hata ya shilingi moja.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe la leo, kwa maana hapa ndipo akina mama wengi wanapotezwa.

Mgongo uliopinda hauna umbo moja tu. Akisimama una umbo moja, akilala una jingine, akijikunja upande una la tatu, na akipewa nusukaputi katika chumba cha upasuaji una la nne. Mtoto ni yule yule, ugonjwa ni ule ule, wiki ni ile ile. Asiyejua hivyo anaweza kudhani mtoto amepona kumbe hajapona, au kudhani daktari anamdanganya kumbe anasema kweli.

Wengi wetu tumejenga au tumeona nyumba za udongo zikijengwa. Chukua ufito mbichi uliopinda kidogo. Usimamishe chini, kisha uweke kiganja chako juu ya ncha yake na ugandamize. Utauona unazidi kupinda katikati. Ondoa mkono, uulaze juu ya mkeka: unarudi kunyooka kidogo, ingawa si kabisa. Mgongo wa mtoto ni hivyo hivyo. Akisimama, uzito wa kichwa, mikono na kifua unaushindilia kutoka juu, na misuli ya pande zote mbili inavuta ili asianguke. Akilala chali, uzito ule hauushindilii tena. Pingili zinapata nafasi, na mpindo unapungua.

Unapungua kiasi gani? Madaktari hupima mpindo kwa digrii juu ya picha ya eksirei, kwa njia iliyoelezwa na daktari wa Marekani, John Cobb, mwaka 1948. Chini ya digrii 10 hauhesabiwi kuwa ugonjwa. Mwaka 1985 madaktari wa Sweden walichapisha uchunguzi wa wasichana waliopigwa picha wakiwa wamesimama na tena wakiwa wamelala. Kwa wastani tofauti ilikuwa digrii 9. Wapo ambao ilikuwa kidogo kuliko hapo, na wapo ambao ilikuwa kubwa zaidi.

Digrii 9 si mchezo. Hebu tuseme kuna mama wa Muyeye mwenye binti wa miaka kumi na miwili ambaye bado hajavunja ungo. Mwezi wa kwanza binti alipigwa picha Mombasa akiwa amesimama, mpindo ukawa digrii 34. Akaambiwa atahitaji koti la kushikilia mgongo na arudi baada ya miezi minne. Nauli ikakosekana. Mwezi wa tano mama akampeleka mahali pa karibu, akapigwa picha akiwa amelala juu ya meza, kwa sababu mashine ya pale ilikuwa ya meza. Ikasoma 30. Mama akashukuru Mungu na kwenda nyumbani: kutoka 34 hadi 30, mtoto anapona! Koti likasahauliwa. Lakini kama angesimamishwa siku ile ile, picha ingesoma karibu 39. Mpindo uliongezeka, ila ulijificha kwa kuwa mtoto alilazwa. Na binti huyu yuko katika miezi ya kurefuka kwa kasi, ambapo mpindo hukimbia kuliko wakati wowote. Miezi minane ikipita hivyo, koti linaweza kuwa limepitwa na wakati, na yatakayobaki ni mazungumzo ya kisu.

Kwa hivyo swali la kwanza kwa mpiga picha ni hili: "Je, amesimama au amelala?" Kama mtoto anaweza kusimama, picha ya kupima mpindo inatakiwa apigwe amesimama, bila viatu, na ionyeshe uti wote kutoka shingoni hadi nyonga. Mtoto asiyeweza kusimama, kama wale wenye mtindio wa ubongo, hupigwa ameketi. Ikiwa mashine ya karibu inapiga mtu akiwa amelala tu, si vibaya kupiga, lakini chukua kalamu uandike juu ya bahasha: tarehe, na neno "amelala". Picha ya kulala usiilinganishe na ya kusimama. Na msichana aliyekwisha kuvunja ungo ataulizwa siku zake za mwisho za hedhi kabla ya kupigwa picha. Hilo ni la kawaida, asilione haya.

Hata picha mbili za kusimama zinaweza kutofautiana digrii tatu hadi tano kwa sababu ya mkono wa anayepima. Mpindo wa jioni nao, baada ya siku nzima ya kusimama na kutembea, unaweza kuwa mkubwa kidogo kuliko wa asubuhi. Usifurahie digrii mbili zilizopungua, wala usilie kwa mbili zilizoongezeka. Ikifika tano au zaidi, hapo mpindo umesogea kweli.

Nitasema neno juu ya wachuaji, kwa maana hapa kwetu ni wengi na wengine ni watu wa heshima. Mtoto hulazwa kifudifudi juu ya mkeka, hupakwa mafuta ya nazi, hukandwa nusu saa. Mama akitazama anaona mgongo umenyooka kuliko alivyokuja. Ni kweli umenyooka. Lakini ungenyooka vile vile kama angelazwa juu ya mkeka huo bila kuguswa na mtu. Akisimama na kutembea hadi stendi ya matatu, mpindo umesharudi mahali pake. Kuchuliwa kunaweza kumpa raha mtoto aliyechoka misuli, na kwa hilo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni miezi inayopotea kwa kuhesabu "anaendelea vizuri" huku anatazamwa amelala.

Na uko mgongo mmoja ambao haufai kukandwa kabisa. Ukiona kinundu kimetokeza katikati ya mgongo kwenda nyuma, si upande, tena mtoto ana maumivu yanayomwamsha usiku, homa za jioni, anakonda, au miguu inakosa nguvu, hiyo inaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Ndiyo, kifua kikuu huingia mifupani hata bila kikohozi. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika hospitali za serikali, na mtoto akiwahiwa hupona. Skoliosisi ya kawaida ya ujana haimuumizi mtoto sana, na ndiyo maana hachukuliwi hatua mapema.

Tuje kwenye kujikunja. Mtoto akifika kwa daktari wa mifupa na mpindo mkubwa, anaweza kulazwa chali na kuambiwa ajikunje kwa nguvu upande wa kulia, akapigwa picha, halafu upande wa kushoto. Akina mama wengine huona ni usumbufu na kulipishwa picha nyingi. Sivyo. Daktari anautafuta ulaini wa mgongo. Ule ufito wetu, ukiwa mbichi utaunyoosha kwa mkono. Ukikaukia katika kupinda, utavunjika kabla haujanyooka. Mpindo ambao ukijikunja unashuka chini ya digrii 25 huhesabiwa kuwa bado laini. Ule unaokataa kushuka ni mgumu.

Kwa nini ajue? Kwa sababu katika upasuaji, pingili zitakazonyooshwa huunganishwa pamoja kwa vyuma na vipande vya mfupa, na zikishikana hazijikunji tena maisha yote. Mara nyingi mtoto ana mipindo miwili, mmoja wa kifuani na mwingine wa kiunoni. Ule wa pili ukiwa laini, daktari anaweza kuuacha bila kuugusa, na wenyewe ukajirekebisha baada ya wa kwanza kunyooshwa. Pingili za kiuno zikibaki huru, msichana ataendelea kuinama kuchota maji, kupalilia, kwenda rukuu na sijida bila taabu kubwa. Hata aliyefungwa pingili nyingi huinama, kwa kuwa sehemu kubwa ya kuinama hutoka nyongani, lakini kila pingili ya kiuno inayookolewa ni faida. Picha zile za kujikunja si pesa ya bure.

Umbo la nne ni la nusukaputi, ambalo mama halioni kwa macho yake. Mlango wa chumba cha upasuaji hufungwa, na yeye hubaki nje na leso yake.

Mtoto hupewa dawa ya usingizi kupitia mshipa wa mkono. Akisha kulala, huwekewa mpira kooni wa kumsaidia kupumua, na mara nyingi hupewa dawa ya kulegeza misuli. Misuli ndiyo kamba za mlingoti. Mlingoti wa dau ukilegezwa kamba zake, unasogea kirahisi. Na mgongo wa mtoto, misuli ikiwa imelegea kabisa, unanyooka kuliko hata alivyolala macho. Daktari akivuta taratibu kutoka kichwani na miguuni, hunyooka tena zaidi. Baadhi ya madaktari hupiga picha wakati huo, kabla ya kukata, waone mgongo utafika wapi bila kulazimishwa. Tuseme yule binti alikuwa na digrii 56 amesimama na 46 amelala. Katika usingizi wa nusukaputi anaweza kuonekana ana chini ya 40, na kisu bado hakijamgusa.

Hapo huja swali, na ni swali zuri: "Kama dawa ya usingizi imemnyoosha, kwa nini mumkate? Mpeni dawa hiyo mara kwa mara." Jibu ni kwamba dawa haijatibu kitu. Imeondoa uzito na imeondoa mvuto wa misuli, basi. Ikiisha mwilini na mtoto akasimama, mpindo unarudi digrii zote. Vyuma vinawekwa ili vishikilie mgongo pale ulipofikishwa, hadi mifupa ishikane, na hiyo ni kazi ya miezi. Ndiyo maana kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani hupigwa picha tena akiwa amesimama. Hiyo ndiyo picha ya kuulizia matokeo. Ile ya mezani kila mtu anaonekana amenyooka.

Anavyolazwa juu ya meza ile nako kuna maana kubwa. Upasuaji wa mgongo kwa kawaida hufanywa mtoto akiwa kifudifudi. Huwekewa mito kifuani na nyongani, na tumbo huachwa likining'inia bila kugandamizwa. Tumbo likigandamizwa, damu hujaa katika mishipa iliyo karibu na uti, na mtoto humwaga damu zaidi anapokatwa. Miguu nayo hunyooshwa, isikunjwe tumboni. Mgongo wa mtu, ukiutazama kwa ubavu, una mbonyeo pale kiunoni. Ukimlaza na mapaja yamekunjwa, mbonyeo ule unapotea. Na daktari akifunga vyuma katika hali hiyo, mtoto atasimama ameelekea mbele kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka. Macho, viwiko na magoti huwekewa vitu laini. Kazi hiyo ya kumlaza inaweza kuchukua muda mrefu kabla hata ya kukata, kwa hivyo ukiona saa zinakwenda usidhani mambo yameharibika.

Hofu kubwa ya mama ni mbili: hataamka, au ataamka hana miguu. Tusizifiche. Upasuaji huu ni mkubwa, una hatari ya damu nyingi, ya vidonda kuingia wadudu, na mara chache ya kuumia mishipa ya fahamu inayopita ndani ya uti. Kwa ajili ya hatari hiyo ya mwisho, madaktari wa Ufaransa walieleza mwaka 1973 njia ya kumwamsha mgonjwa nusu katikati ya upasuaji, akaambiwa achezeshe vidole vya miguu, kisha akalazwa tena. Njia hiyo bado inatumika. Hospitali zenye mashine hufuatilia ishara za umeme kutoka kichwani hadi miguuni muda wote, na daktari wa nusukaputi hupunguza zile dawa za kulegeza misuli ili ishara zisomeke. Uliza kabla: "Mtajuaje wakati wa upasuaji kwamba miguu yake iko salama?" Ni haki yako kuuliza, na daktari mzuri hatakasirika. Kama ataamshwa, mwambieni mtoto usiku wa kabla, msimfiche. Atakuwa na dawa ya maumivu, na wengi hawakumbuki.

Wewe pia una kazi yako. Daktari wa nusukaputi atakuuliza maswali, mjibu yote. Mwambie kama mtoto ana pumu. Mwambie kama ana seli mundu au kuna mwenye seli mundu katika familia. Ugonjwa huu ni mwingi hapa Kilifi, na mwenye nao anahitaji maandalizi ya pekee ya damu, maji na joto la mwili. Mwambie kama kuna ndugu aliyewahi kupata shida na nusukaputi. Mwambie dawa za miti shamba anazokunywa, hata kama unaona haya. Muuguzi akisema asile, asile. Kwa kawaida chakula na chai ya maziwa husimamishwa saa sita kabla, na maji matupu saa mbili kabla, lakini fuata saa utakazopewa na hospitali yako. Nyanya mwenye huruma anayempa mtoto mkate alfajiri kwa siri anamweka katika hatari: mtu akilala nusukaputi tumbo likiwa na chakula, chakula kinaweza kupanda na kuingia mapafuni.

Lakini si kila mtoto anafika huko, na hamu yetu ni wasifike. Mtoto ambaye bado anakua na mpindo wake uko kati ya digrii 25 na 40 anaweza kupewa koti gumu la plastiki la kushikilia mgongo. Uchunguzi wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 waliopewa koti, 72 walimaliza kukua bila mpindo kufika digrii 50; kwa wasiovaa walikuwa 48. Waliofaidika zaidi ni wale waliovaa angalau saa 13 kwa siku. Koti la kuning'inizwa mlangoni halisaidii mtu. Najua joto la Malindi mwezi wa pili, na plastiki kiunoni si starehe. Avae fulana safi ya pamba ndani, aibadilishe ikilowa jasho, alale nalo usiku kunapopoa, alivue wakati wa michezo na kuoga. Akipigwa picha ndani ya koti, mpindo utasoma mdogo. Hilo nalo liandike kwenye bahasha.

Wapi pa kuanzia? Zahanati yako au kituo cha afya, halafu hospitali ya Malindi au ya Kilifi, na kutoka hapo rufaa kwenda Coast General, Mombasa. APDK ya Mombasa, wale wa Bombolulu, wamezoea kazi ya vifaa vya watu wenye ulemavu, waulizeni juu ya koti. Upasuaji wenyewe hufanywa katika hospitali kubwa chache nchini, kama Kenyatta kule Nairobi, na jirani zetu wa Tanzania wana taasisi ya mifupa ya MOI, Dar es Salaam. Kama ulikuwa na kadi ya NHIF, kumbuka ilibadilishwa na SHA mwezi wa Oktoba 2024. Hakikisha mtoto ameandikishwa chini yako, na uliza mapema nini kinalipwa na nini utatoa mfukoni. Tafuta na ndugu wa kutoa damu.

Tuna maswali mawili ya kumalizia, maana huulizwa kila tunapotoa mada hii.

La kwanza: alale juu ya ubao au sakafuni ili anyooke? Alale anavyopenda. Saa nane za kulala zinanyoosha mgongo kwa saa nane, kisha anaamka na kusimama. Mazoezi, kuogelea, kukimbia, vyote ruhusa. Usain Bolt ana skoliosisi, na mwaka 2009 kule Berlin alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58.

La pili huulizwa kwa sauti ya chini: ataolewa, atazaa? Ataolewa na atazaa, wengi wao kwa njia ya kawaida. Jambo moja tu alibebe hadi kliniki ya wajawazito. Siku akihitaji kuzaa kwa upasuaji, anaweza kupigwa sindano ya mgongoni ya kutia ganzi. Mpigaji humkalisha ameinama kama kamba wa baharini ili pingili zifunguke apate mwanya. Mgongo uliopinda na kujisokota, au wenye vyuma, mwanya wake ni mgumu kuupata, na pengine italazimu apewe nusukaputi. Asisubiri kuyasema hayo akiwa na uchungu usiku wa manane. Ayaseme kliniki ya kwanza, yaandikwe katika kitabu chake, na picha za mgongo wake wa utotoni aende nazo. Zihifadhini mahali pakavu, mchwa wasizifikie.